Ufunguo wa gari lako uko kwa nani unaposafiri?

Mpenzi msomaji, Ijumaa ya leo naomba uniruhusu niteremke kidogo kutoka katika mada tulizozizoea za ukurasa huu, nizungumzie jambo ambalo yamkini wengine watalicheka wakisema si la kisheikh: gari lako unaliacha wapi siku unayopanda ndege?

Sikulichagua mimi. Limenijia lenyewe msikitini, baada ya sala, likiletwa na watu wawili wa familia moja ambao walikuwa hawasemezani kwa muda wa mwezi mzima.

Mzee mmoja mstaafu alikwenda Umra na mkewe kwa siku 14. Gari lake, alilolinunua kwa kiinua mgongo baada ya miaka mingi ya utumishi, alimwachia mpwa wa mkewe, kijana mwenye familia changa anayeishi Kipawa, si mbali na Kiwanja cha Ndege cha Kimataifa cha Julius Nyerere. Mzee hakulipa kitu, na kijana hakuomba kitu. Maneno yaliyopita getini alfajiri ile ni mawili tu: "Mwanangu, nitunzie," na "Usiwe na wasiwasi, baba mkubwa." Waliporudi, gari lilikuwa limeoshwa, linang'aa, lakini bampa la mbele lilikuwa na rangi mpya isiyolingana sawasawa na ya zamani. Mzee akauliza. Kijana akasema labda ni jua. Siku ya tatu ndipo alipokiri: usiku mmoja mkewe alishikwa na uchungu wa kuzaa, mvua inanyesha, bodaboda haifai kwa hali ile na teksi haipatikani; akachukua ufunguo, akampeleka hospitali, na wakati wa kutoka akagonga nguzo ya geti. Mtoto alizaliwa salama. Bampa akalitengeneza kwa fedha yake.

Nitarejea kwa hao wawili. Kwanza tuitazame asili ya jambo lenyewe, kwani nimegundua kwamba wengi wetu tunaliingia gizani.

Wanazuoni wa fikihi wameliwekea mlango wake maalumu, mlango wa wadia, yaani mali unayompa mwenzako akuhifadhie. Katika Minhaj ya Imam Nawawi, kitabu ambacho wengi wetu tuliosoma katika vyuo vya pwani tumekipitia, mlango huo unaanza kwa namna inayopaswa kumtisha kila anayesema "niachie mimi" kwa haraka. Asiyekuwa na uwezo wa kuihifadhi mali ni haramu kwake kuipokea. Mwenye uwezo lakini hajiamini nafsi yake, ni makuruhu. Anayependekezewa kuipokea ni yule mwenye uwezo na mwenye kuiamini nafsi yake. Hebu zingatia: mtu ambaye nyumba yake haina fensi, au ambaye anajua fika kwamba mdogo wake hupenda kuendesha magari ya wageni usiku, huyo mbele ya sheria hafanyi hisani anapokubali gari lako. Anafanya kosa, japo kwa tabasamu.

Kisha aliyepokea huwa ni mwaminifu kwa mujibu wa sheria. Maana yake ni kwamba mali ikiharibika bila ya yeye kuvuka mpaka na bila ya uzembe, halipi. Mti ukianguka juu ya gari kwa dhoruba, hadaiwi. Lakini akimpa mtu mwingine ailinde bila ruhusa wala udhuru, dhamana inamwangukia. Akiitumia kwa manufaa yake, dhamana inamwangukia. Wanazuoni walitoa mfano wa nguo iliyovaliwa na mnyama aliyepandwa. Leo mfano wake ni kijana anayefanya safari mbili tatu za sokoni kwa gari la haji aliyeko Makka. Na wala hawakuwa watu wa ukavu, maana walisema pia kwamba nguo ya sufi ipigwe upepo, na hata ivaliwe ikibidi, ili isiliwe na nondo, na kwamba mnyama alishwe. Kwa hiyo ukiliwasha gari la mwenzako kila baada ya siku chache ili betri isife, huko si kuvuka mpaka, ni kutunza. Tofauti ya kuwasha kwa ajili ya betri na kuwasha kwa ajili ya harusi ya rafiki yako haihitaji shahada ya chuo kikuu.

Hiyo ni amana ya bure. Amana ya malipo ina uzito zaidi. Wanazuoni wa Kihanafi, na baada yao Majalla, ile sheria iliyokusanywa katika dola ya Uthmaniya kati ya 1869 na 1876, walisema kwamba aliyepokea ujira wa kuhifadhi atalipa mali ikipotea kwa sababu ambayo ingewezekana kuepukwa. Ni jambo la akili: umemlipa awe macho, basi hawezi kujitetea kwa kusema alisinzia.

Sasa hapa ndipo panapotokea mkanganyiko mkubwa, nami naomba msomaji unisikilize kwa makini. Si kila mahali unapolipia gari lako panakuwa na amana. Mahali pengine unachokodi ni nafasi tu, mita kadhaa za lami, na aliyekukodisha hakuchukua jukumu la kukulindia chochote. Unaingia, unachukua tiketi kwenye mashine, unafunga gari mwenyewe, unaondoka na ufunguo wako mfukoni. Huo ni ukodishaji wa mahali. Pengine unamkabidhi mtu ufunguo, naye ndiye anayeliingiza ndani, analisogeza likizuia jingine, na kukurudishia ukirudi. Hiyo ni amana, hata kama haikutajwa kwa jina hilo. Kwa hiyo swali la kwanza la msafiri, kabla hata ya bei, ni hili: ufunguo unabaki kwa nani?

Mahakama za kidunia nazo zimelipitia. Mwaka 1937 Mahakama ya Rufaa ya Uingereza, katika kesi ya Ashby dhidi ya Tolhurst, ilimkatalia fidia mtu aliyeacha gari katika maegesho ya kulipia kwenye mji wa pwani wa Southend na mhudumu akamwachia mtu mwingine aondoke nalo. Majaji walisema mwenye gari alikuwa amepewa ruhusa tu ya kuliweka pale, hakulikabidhi kwa mtu. Nimeitaja kwa sababu Kenya, kwa Sheria yake ya Mikataba, Sura ya 23, inafuata kanuni za mikataba za Kiingereza, na ndugu zetu wa Mombasa na Nairobi wasidhani stakabadhi ya maegesho peke yake ni ngao. Tanzania ina Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, yenye sehemu nzima juu ya amana, na kipimo chake kwa aliyekabidhiwa mali ni kwamba aitunze kama ambavyo mtu mwenye busara ya kawaida angetunza mali yake mwenyewe ya aina ile. Lakini huko nako lazima kwanza ithibitike kwamba ulimkabidhi.

Na ule ubao? Unaujua, umeuona katika hoteli, hospitali na kumbi za harusi: magari yanaegeshwa kwa dhima ya mwenyewe. Kwa anayekodisha nafasi tu, maneno hayo ni ya haki. Ametangaza kile ambacho hakukiahidi. Kwa anayechukua ufunguo wako, akapokea na fedha yako, kisha akakuonyesha ubao ule siku gari lilipoibiwa na mlinzi wake amelala, mimi binafsi naona anafanya dhihaka. Huwezi kuuza ulinzi kwa mkono mmoja na kuukana kwa mkono mwingine. Ubao haumtoi mtu katika uzembe wake mbele ya Mola wake.

Nasema hivyo kwa uchungu kidogo, maana yamenifika. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa na safari ya wiki mbili, nikaelekezwa uwanja mmoja wa binafsi karibu na kiwanja cha ndege, bei ikiwa chini kuliko nilivyotarajia. Jamaa akaniambia ufunguo ubaki kwa ajili ya kusogeza gari. Nikaona sawa. Niliporudi kiti kilikuwa kimesukumwa nyuma, mimi ni mfupi. Redio ilikuwa kwenye idhaa ya taarabu ambayo siisikilizi, au tuseme siisikilizi ndani ya gari. Nilikuwa nimebadilisha oili siku mbili kabla ya safari, na kile kikaratasi cha fundi kilichoandikwa kilomita kilikuwa bado kimebandikwa juu ya kioo. Nilipolinganisha na mita, tofauti ilikuwa zaidi ya kilomita 300. Nikauliza. Wakanionyesha ubao. Nikasema ubao hauzungumzii kilomita. Wakaniuliza, nawe sheikh, siku mbili zile baada ya oili ulitembea kilomita ngapi? Sikuwa na jibu la hakika, kwani sikuandika. Nikalipa, nikaondoka. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, nami nilikuwa nimeisomesha methali hiyo madrasa kwa miaka.

Tuje kwenye bei, kwani najua ndiyo inayomkereketa baba mwenye familia. Maegesho yaliyo mbele ya jengo la abiria kwa kawaida hupangwa kwa ajili ya mtu anayekuja kupokea au kusindikiza, akakaa saa moja au mbili. Ukiyatumia kwa safari ndefu, saa zinakula. Tuchukue mfano wa hesabu tu, si bei ya kiwanja chochote: kama saa moja ni shilingi 1,000 na hakuna punguzo la siku nzima, siku 14 ni saa 336, yaani shilingi 336,000. Kama mahali hapo hapo kuna kiwango cha siku cha shilingi 10,000, siku 14 ni 140,000. Ni lami ile ile na gari lile lile. Kilichotofautiana ni kwamba mmoja aliuliza na mwingine hakuuliza. Basi uliza kabla, kwa mamlaka ya kiwanja yenyewe na si kwa kijana aliyesimama mlangoni: je, kuna kiwango cha siku, kuna kiwango cha wiki, na tiketi ikipotea inakuwaje. Na uulize kwa jengo utakaloondokea. Dar es Salaam tangu Agosti 2019 ina jengo la tatu la abiria, na safari za nje huondokea huko ilhali za ndani huondokea jengo la pili. Mtu anayefunga gari penye jengo asilosafiria hujikuta akiburuta masanduku ya zamzam juani siku ya kurudi.

Kisha weka hesabu hiyo pembeni ya nyingine ambayo watu hawaipigi: teksi ya kwenda na ya kurudi ni shilingi ngapi? Nimewahi kukaa na msafiri mmoja wa Mbagala tukapiga pamoja, akakuta kwamba kwa safari yoyote inayozidi siku nne au tano, kulipa teksi mara mbili ni nafuu kuliko maegesho, na gari linabaki nyumbani ambako majirani wanalijua. Aliyeko Morogoro au Dodoma ana jibu jepesi zaidi. Tangu mwaka 2024 treni ya umeme inamfikisha Dar es Salaam, naye hana haja ya kuendesha usiku kucha, kufika amechoka, kisha kuhangaika kutafuta pa kuliacha gari. Gari bora la kuegesha kiwanja cha ndege, kwa familia nyingi, ni lile lisiloletwa kiwanjani kabisa.

Niseme na hili, ingawa litawaudhi wengine. Desturi yetu ya kumsindikiza haji kwa msafara ni nzuri, ina mapenzi na dua ndani yake. Lakini magari manane kwa mahujaji wawili, kila moja likilipia maegesho yake, na watoto wanaokosa shule, na mabakuli ya pilau juu ya boneti! Magari mawili yanatosha. Fedha ya yale sita mpeni haji awasaidie nayo wenye shida anaokutana nao njiani, au mnunulieni dawa zake.

Wapo wasiokuwa na hiari, nawajua. Anayerudi saa nane za usiku na watoto wadogo, mwenye mgonjwa, anayeishi mbali kusikofika teksi. Huyu atafute pa kuliacha, na pako. Katika mitaa yetu mingi zipo sehemu za kulaza magari: vituo vya mafuta, viwanja vyenye geti na mlinzi, ambako majirani wasio na fensi hulipa kwa mwezi. Mara nyingi hizi ni bora kuliko mahali pageni karibu na kiwanja, kwa sababu ndogo lakini kubwa: mlinzi anakujua, anajua gari lako, na wateja wengine wanaliona kila siku. Mgeni hawezi kutoka nalo kirahisi. Zipo pia hoteli za karibu na viwanja vya ndege ambazo humruhusu mgeni aliyelala usiku mmoja kuliacha gari kwa siku kadhaa. Uliza, na ukikubaliwa taka iandikwe katika risiti, maana aliyekukubalia mapokezi leo huenda asiwe zamu siku utakayorudi.

Kaone mahali hapo kabla ya siku ya safari, na ukaone usiku. Mchana kila uwanja una mlinzi. Nenda saa nne usiku uone kama taa zinawaka na kama geti limefungwa, na kama yule mlinzi ni mmoja aliyelala kwenye kiti cha plastiki au ni wawili wanaopokezana. Tazama magari yaliyopo: yana vioo vya pembeni vyote? Kila mkazi wa Dar es Salaam anajua jinsi vioo vya pembeni, taa na swichi za madirisha zinavyopenda kuhama usiku, na ndiyo maana wengi wetu tumechonga namba za usajili juu ya vioo. Msimu wa masika, kati ya Machi na Mei, uliza maji ya mvua yanapita wapi. Na bei ikiwa ya chini mno kuliko ya majirani wote, jiulize jamaa anaishi kwa nini. Rahisi huvunja upishi.

Ukisharidhika, andikeni. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandika deni na kushuhudisha, na wanazuoni wameichukulia kuwa ni mafunzo ya kuyahifadhi mapatano yetu yote. Karatasi moja inatosha: namba ya gari, tarehe ya kuingia na ya kutoka, kilomita zilizosomeka, kiwango cha mafuta, mikwaruzo iliyokuwepo, bei, nani ana ufunguo, na je, anaruhusiwa kuliendesha au kuliwasha tu. Simu za leo zina kamera. Piga picha pande zote nne, na dashibodi, mbele ya yule unayemkabidhi, ili aone kwamba unapiga. Mwaminifu hatachukia, kwani picha zinamlinda na yeye pia dhidi ya mteja anayerudi na mkwaruzo wa zamani akidai ni mpya. Wateja wa aina hiyo wapo, na wengine wao wana sijida kwenye paji la uso.

Usiache kadi ya gari ndani ya gari. Mwizi aliyepata gari na kadi yake amepunguziwa nusu ya kazi. Wala usiache hati za nyumba, vyeti vya watoto au fedha za kikundi ndani ya buti, kwa sababu aliyepokea gari hakupokea visivyotajwa. Kama litakaa wiki mbili au zaidi, kichomoe kichwa hasi cha betri, jaza upepo tairi, na mahali penye unyevu wa pwani usiliache na breki ya mkono imekazwa kwa muda mrefu. Liache kwenye gia, uliwekee mawe chini ya tairi.

Na bima. Wengi wetu tuna bima ndogo, ile ya lazima, na tunatembea kwa kujiamini kana kwamba tumejifunika kwa blanketi. Bima ndogo humlipa yule uliyemdhuru wewe kwa gari lako. Gari lako likiibiwa au likiungua, haikulipi hata senti. Usiku wa tarehe 10 Oktoba 2023, katika kiwanja cha ndege cha Luton, Uingereza, ambako jamaa zetu wengi wa Kiswahili wanaoishi huko hupitia, moto ulianzia katika gari moja ndani ya jengo la maegesho ukaenea sakafu baada ya sakafu, na magari zaidi ya elfu moja yakateketea. Pale palikuwa na jengo la kisasa kabisa, na magari hayakuokoka. Aliyekuwa na bima kamili alikwenda kwa kampuni yake ya bima. Asiyekuwa nayo alibaki na tiketi ya maegesho mkononi. Wanazuoni wana maneno yao juu ya bima za biashara na leo si mahali pake, lakini hata anayeziepuka ajue kwamba hatari amebaki nayo mwenyewe, apange kwa mujibu wa hilo.

Kuna watakaosema, sheikh, haya yote ni wasiwasi, kwani tawakkul iko wapi? Nawakumbusha kisa kilichopokewa na Tirmidhi, cha yule aliyemuuliza Mtume (s.a.w.) kama amwache ngamia wake bila ya kumfunga na kumtegemea Mwenyezi Mungu, akaelekezwa amfunge kwanza kisha ategemee. Tena Mtume mwenyewe (s.a.w.), usiku wa kuhama Makka mwaka 622, na watu wanamtafuta kumuua, alimwacha Ali nyuma azirudishe amana za watu, na wenye amana hizo wengi walikuwa katika maadui zake. Hakusema hali ni ngumu, watanisamehe.

Natamani jambo moja. Misikiti yetu kadhaa iliyo jirani na viwanja vya ndege ina viwanja vyenye uzio, vilivyojaa siku ya Ijumaa na vitupu siku nyingine. Hivi kamati zetu haziwezi kuweka mlinzi wa kulipwa, daftari, risiti, taa mbili tatu, na kupokea magari machache ya wasafiri kwa bei ya wastani, fedha ikaingia katika umeme na maji ya kutawadhia? Nimelisema hili kwenye kikao kimoja, wakaniuliza nani atalipa gari likiibiwa. Nikawaambia hilo ndilo swali zuri, na kama hatuna jibu lake tusifungue, kwani tumeshasoma hukumu ya anayepokea asichoweza kukihifadhi. Kikao kikaahirishwa. Mpaka leo kimeahirishwa.

Sasa nirudi kwa wale wawili. Niliwakalisha nyumbani kwangu baada ya magharibi. Nilimwambia kijana kwamba kumpeleka mkewe usiku ule hakukuwa dhambi. Dharura humruhusu mtu kutumia mali ya mwenzake. Lakini kanuni waliyoiandika wanazuoni, na imo katika Majalla, ni kwamba dharura haibatilishi haki ya mwenye mali. Bampa lilikuwa juu yake, naye alilitengeneza. Tofauti ya rangi nayo ilikuwa juu yake, akakubali. Kilichobaki ni siku tatu za kusema ni jua. Hapo nilimwambia wazi kwamba amekosea, na kwamba simu ya kwenda Makka siku ile ile ingemaliza yote. Nilimgeukia mzee nikamuuliza: lau angekupigia saa tisa usiku akakwambia mke wangu ana uchungu, naomba gari, ungesemaje? Akanyamaza kitambo. Akasema, ningemwambia mbona unapoteza muda kunipigia.

Bibi, mama mkubwa wa yule kijana, alikuwa mlangoni anasikiliza. Alilia kidogo, kisha akaomba aletewe yule mtoto amwone.

Mzee amejiandikisha Hija. Majuzi alinijia akiwa na karatasi iliyokunjwa, amenakili mwenyewe kwa mkono: namba ya gari, kilomita, mafuta, na mstari wa mwisho unaosema kwamba aliyekabidhiwa anaruhusiwa kuliendesha kwa ajili ya mgonjwa au mzazi, na atoe taarifa siku hiyo hiyo. Aliniuliza kama maneno yale yanafaa kisheria. Nikamwambia aongeze kuhusu mafuta: akitumia, arudishe kiasi kile kile. Akachukua kalamu, akaandika, akauliza kijana asaini wapi.